Makofi ya Bibi

Bibi yangu alipigia makofi kubomolewa kwa nyumba yake mwenyewe. Ukumbi mzima ukamfuata.

Na aliyeshika kipaza sauti ni mimi.

Jamani, mimi ni mwoga wa watu. Nikiitwa tu mbele za watu, natafuta mlango. Ila nilisomea mipango miji, na ofisi yetu ilikuwa inasaka kibali cha barabara ya njia sita. Kibali hakitoki mpaka wananchi wasikilizwe kwenye kikao.

Ramani alikuwa nazo bosi. Mimi kazi yangu viti na maji.

Siku hiyo msomaji wetu akaamka sauti imekauka. Bosi akanisukumia karatasi. "Mdogo wangu, soma tu. Usitafune maneno."

Nikasoma. Barabara itapita nyuma ya shule, itavuka mfereji, itafuata safu ya nyumba za wafyatua matofali...

Nikaurudia mstari ule kwa macho. Nyumba ya tatu kwenye safu ile ndiyo iliyonilea.

Bibi alikaa mbele kabisa. Maneno ya kitaalamu yalimpita juu; macho yake yalikuwa kwangu tu. Nilipomaliza, akasimama akipiga makofi.

"Mjukuu wangu huyo! Mtoto alikuwa anaongea na kuku tu, leo mmemsikia?"

Vicheko. Makofi. Kuta zikatetemeka.

Mwenyekiti wa kikao akamgeukia karani. "Andika: wananchi wameafiki kwa makofi."

Mlango ulikuwa mmoja, umejaa watu. Mbele yangu bosi, nyuma yangu ukuta. Nikinyamaza, bibi hana kwake. Nikisema, kazi sina.

Kalamu ya karani ikagusa karatasi.

"Mwenyekiti... nyumba ya tatu ni kwetu."

Kalamu ikasimama.

"Mdogo wangu, funga mdomo," bosi akanong'ona.

Alijua ninakoelekea. Mtumishi mwenye maslahi binafsi akishiriki kuendesha kikao, kikao kinabatilika.

Mwenyekiti akavua miwani. "Kitarudiwa."

Bibi akanivuta mkono. "Kwani nimepigia nini makofi?"

Nikamweleza. Akavitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine.

Kwenye kikao cha pili karatasi ilisomwa na mtu mwenye sauti tamu kweli. Bibi akaikalia mikono yake. Safu nzima ikaikalia mikono. Halafu maswali yakaanza, moja baada ya jingine, mpaka mchoro ukarudishwa ofisini ukachorwe upya.

Ndugu yangu, kabla hujapiga makofi, uliza unapigia nini.

Mimi kazi sina tena. Nyumba ya kurudi ninayo.