Biriani ya Mwalimu wa Hesabu

Harufu ya chaki iliyolowa bado hunisimamisha njiani. Si ile kavu ya ubaoni, hiyo nimeshaizoea. Nasema ile inayofutwa kwa kitambaa kibichi juu ya sakafu ya saruji, ikaacha ukungu mweupe na harufu ya ukuta mpya. Nikiinusa popote narudi ukumbini kwa Bibi, Mji wa Kale: niko kidato cha pili, nimepiga magoti sakafuni, na Mjomba Badi ananiuliza pembe ya tatu imejificha wapi.

Mjomba Badi alikuwa kaka yake mamangu, kitinda mimba wa Bibi. Alikuwa akisomesha hesabu katika sekondari moja ya bara, kisha siku moja akarudi nyumbani na sanduku lake. Tuliambiwa amekuja kupumzika, ana homa za mara kwa mara. Baada ya alasiri watoto wa mtaa wetu tulikuwa tukijaa kwake na vitabu vyetu. Ubao hakuwa nao, kwa hiyo sakafu ndiyo iliyokuwa ubao. Duara tulilichora kwa msumari, uzi na chaki, tena tulichora sisi wenyewe, maana mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Akatuambia kila mmoja achague nukta yake juu ya nusu duara, avute mistari miwili mpaka ncha za kipenyo, halafu apime. Tukapima, tukabishana, tukaibiana nukta, na sote tukapata pembe mraba. Alifurahi kama aliyeigundua yeye asubuhi ile.

Aljebra nayo aliisomesha kwa mzaha. "X ni bi harusi aliyefunikwa," alikuwa akisema. "Usimfunue kwa pupa. Waondoe waliomzunguka mmoja mmoja, na ukimwondoa wa upande huu, mwondoe na wa upande ule, wasije wakagombana. Akibaki peke yake atajifunua mwenyewe." Wasichana tulikuwa tukiziba midomo kwa mitandio. Aliyecheka zaidi alikuwa Swabra, msichana wa kidato cha nne, jirani yetu, ambaye kabla ya kuja kwa Mjomba alikuwa akiiona hesabu tu machozi yanamlenga.

Mambo mengine niliyaona nisiyaulize. Mjomba alivaa shati la mikono mirefu, vifungo mpaka kwenye viganja, hata katika joto la Kaskazi linalowavua wanaume wote mashati. Na Bibi, somo likianza, alitia komeo mlangoni, akakaa hapo hapo na kofia yake ya kushona, asiondoke mpaka adhana ya magharibi. Sisi tulidhani anachunga viatu vyetu. Viatu vyenyewe vilikuwa makubazi yaliyokatika, sijui mwizi gani angevitaka.

Sasa nawaambia ninyi lile ambalo nyumba yetu haijawahi kulitamka. Mjomba wangu alikuwa akijidunga unga wa kulevya. Kazi yake ya bara iliondoka kwa ajili hiyo. Bibi hakumpeleka kwa yeyote, kwani kumpeleka ni kusema, na kusema ni kuvuliwa nguo mbele ya mtaa. Akatafuta dawa yake mwenyewe, na dawa ilikuwa sisi. Alijua mwanawe anaona haya mbele ya watoto. Madhali tumemzunguka na maswali yetu hatoki. Mtaa ukisema mama wa watu amejitolea watoto wa wenzake wasome, yeye alikuwa akimlinda wake asife.

Na dawa ilifanya kazi, hilo silikatai. Miezi ikapita. Mashavu yakamjaa, mikono ikatulia, akaanza kuchora duara mwenyewe. Matokeo ya kidato cha nne yakatoka, Swabra akafaulu hesabu.

Mamake, Bi Rukiya, alikuja kwetu akipiga vigelegele tangu kichochoroni. Alitaka Ijumaa baada ya sala mwalimu aende kwake kula biriani. Bibi akasema mwanawe yuna homa kidogo.

"Homa na aje nayo," Bi Rukiya akasema. "Wanaume washaalikwa kwa ajili yake. Asipokuja, mimi n'tauweka wapi uso wangu?"

Nilikuwa nikimimina chai, nikaona Bibi anashona pale pale alipokwisha kushona. Angesema nini? Kukataa mwaliko bila sababu ni tusi, na sababu yenyewe ndiyo aliyoificha. Nadhani pia alijivunia. Ilikuwa zamani mwanawe hajaitwa na watu. Akakubali.

Ijumaa akamfukizia udi kanzu yake, akanishika bega mlangoni. "Nenda naye. Usimwate mjombako, wasikia? Usimwate hata kidogo." Niliudhika. Nilikuwa msichana mkubwa, na mtu mzima haongozwi njia kama kipofu.

Tulipita karibu na Ngome ya Yesu, Mjomba akinitania kuhusu kanuni ya mizizi niliyokuwa nikiisahau kila wiki. Penye ukuta mmoja alikaa kijana mkavu, kichwa kimelala begani. "Mwalimu!" akaita. Mjomba akaongeza mwendo. Mzaha wake tu ndio uliokatika hapo, tukafika kwa Bi Rukiya.

Kule ikawa kama desturi: wanaume chini, wanawake juu. Viatu vya Mjomba vikabaki ukumbini nami nikapandishwa ngazi, nikakalishwa mbele, nikashindiliwa nyama na viazi kwa kuwa ni mpwa wa mwalimu. Nilisikia dua ikisomwa chini, kisha kicheko chake kikubwa, nami nikajiona mtu. Niliposhuka, wanaume walikuwa kwenye kahawa. Mahali pake palikuwa patupu.

"Mwalimu ashatangulia," akaniambia babake Swabra. "Asema ana wanafunzi wamngoja."

Ijumaa hatukuwa na somo. Nilirudi mbio. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, na hakunitazama mimi, alitazama nyuma yangu.

"Yuwapi?"

Nikamwambia. Akakaa kwenye kizingiti taratibu, akavuta buibui usoni. Hata hapo hakupiga kelele kuwaita majirani wamtafute. Mamangu alizunguka vichochoro peke yake, akiuliza kwa sauti ya mtu aliyepoteza paka.

Jumapili waokotaji wa vyuma walimkuta Kibarani, kwenye jaa la taka, katika kanzu ile ile. Nilikuwa mtu mzima nilipoelezwa na daktari kwamba mwili uliokaa miezi bila unga hauwezi tena kipimo cha zamani. Ile afya tuliyoifurahia ndiyo iliyomuua.

Husemwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwetu hata kifo hakikuweza. Aliyemwosha aliiona mikono yake, akanyamaza kama impasavyo mwosha, na Bibi akawaambia waliokuja matangani kuwa ni homa, ya ghafla. Nami nilipoulizwa nilisema homa, na niliamini. Kwa miaka nilidhani Bibi alikuwa akilia kila anionapo kwa sababu nafanana na Mjomba. Nilikuwa nikisoma chuo kikuu nilipofahamu kwamba Ijumaa ile alinituma mimi kuwa komeo, na hakuthubutu kuniambia. Nilimkasirikia sana, na nilipoimaliza hasira alikuwa kaburini. Lau angesema neno moja kwa Bi Rukiya, yule mama angemkalisha Mjomba juu, katikati yetu wanawake, na desturi ingekwenda ikojoe.

Bi Rukiya yu hai. Tunakutana Marikiti, kikapu mkononi, na kila mara hunishika mkono asiuachie. "Mjombako chakula chake cha mwisho cha heshima alikula kwangu," huniambia, macho yamemjaa. "N'najisifu kwa hilo. Alikuwa na furaha, sivyo?"

"Sana, mama," humjibu. "Tulimsikia akicheka."