Magoti ya Wifi

Wifi wa mwenye banda la vifaranga hamsalimu mtu kabla ya kulikagua. Hupandisha gauni, hupiga magoti kwenye maranda, kisha huyapapasa magoti yake. Akihisi unyevu, maranda yote hutupwa. Siku kinyesi chao kilipoonekana kina damu na vifaranga wawili wakafa, mwenye banda alijitetea mapema: "Dawa nimewawekea kwenye maji, wifi, ila hawapati nafuu." Wifi aliliona bakuli la maji matupu aliyowekewa kuku mama, akalimwaga nje. "Hawa wanakunywa haya, dawa wanaiacha." Wakabadilisha maranda yaliyolowa, wakainua chombo cha dawa juu ya tofali kisiyamwagikie tena. Kifaranga mmoja aliyekuwa amejikunyata akajikokota, akanywa. Wifi akapiga magoti tena. Makavu. Ndipo alipomgeukia mwenyeji wake: "Haya, habari za tangu juzi?"