Mteremko wa Pembeani

Kwa miaka mingi nilikuwa na kisa kimoja cha kujipatia chai. Nilikisimulia Malindi nilipokuwa nikipaka rangi mahoteli, nikakisimulia Tanga, nikakisimulia hata Nairobi kwenye kiwanda cha mabati, ambako walinisikiliza kwa utulivu kwa sababu kisa kilikuwa kirefu na kazi ilikuwa ngumu. Chenyewe ni hiki: utotoni mwangu, kila Idi, nilimbeba dada yangu mgongoni kutoka kwetu Magogoni, Mombasa, mpaka uwanja wa pembea kule Junda. Dada ni mkubwa wangu kwa miaka miwili, na miguu yake ilipooza kabla hajajua kuitumia. Basi nilimbeba, yeye na gauni lake jipya, mimi na kanzu mpya iliyokwisha lowa jasho. Nikifika hapo wasikilizaji walitikisa vichwa na kusema, "Wewe kweli una utu." Mimi nilitazama chini kama mtu asiyependa sifa. Chai ililetwa.

Nisilolisimulia ni tulichofanya tukishafika. Pembea ya siku zile ilikuwa gurudumu la mbao, linasukumwa kwa mikono, na mwenyewe alimtazama dada mara moja tu akasema, "Huyu ataanguka. Mkalishe pale kwenye juisi." Nikamkalisha karibu na mama muuza ukwaju. Na kwa kuwa ilikuwa haramu kupanda na viatu, visije vikawaangukia watu utosini, watoto wote wa mtaa wetu waliacha ndara zao kwa dada. Idi baada ya Idi, sisi juu tunapiga kelele, yeye chini na rundo la ndara. Alikuwa hodari. Haikupotea hata moja.

Niliporudi nyumbani juzijuzi, nikiwa nimepita arubaini na sina cha kuonyesha ila brashi za rangi, nilimkuta dada ni fundi cherehani wa kutajika Magogoni. Ana cherehani la umeme, ana kiti cha magurudumu anachokiita "gari langu", na ana ulimi uleule. Mimi nikapata kibarua pembeani. Pembea sasa ni ya chuma, ina injini, na abiria hukaa ndani ya maboksi yenye viti viwili vya kutazamana. Kazi yangu ilikuwa kuyapaka rangi hayo maboksi kabla ya Idi.

Nilipomwambia dada, aliacha kushona.

"Idi hii napanda," akasema.

"Nitakubeba," nikasema, na wallahi sauti yangu ilitetemeka kidogo. Nilikwisha kuona kisa kinavyopata sura ya pili.

"Hunibebi wewe wala mwingine. Nimebebwa vya kutosha. Hii pembea yenu ni gurudumu, na gari langu lina magurudumu. Waacheni wenyewe kwa wenyewe waelewane."

"Lakini dada, unakumbuka zamani nilivyokuwa nikikupeleka? Raha iliyoje!"

"Raha ipi? Safari nzima nilikuwa nikitazama kisogo chako. Pembea nilikuwa nikiiona ukiinama kuokota ndara yako iliyokukatikia."

Kisa cha miaka ishirini kilikuwa kimekufa mikononi mwangu, na chai zote nilizokwisha kunywa zilinikaa kooni.

Nikampelekea habari mwenye pembea. Huyu ni bwana mpole, mnene, anayependa kuitikia kila jambo kwa "inshallah" ili asilazimike kulifanya. Lakini safari hii aliruka kwa furaha. Ofisi inayotoa vibali ilikuwa imemwandikia kwamba uwanja wake hauna njia ya watu wenye ulemavu, na yeye hakujua amtafute nani. Akaunda kamati siku ileile. Kamati ilikuwa na watu watano. Mmoja alichaguliwa kwa sababu anavaa miwani. Mwingine aliwahi kuvunjika mguu akicheza mpira, akapona, ila kila aliposimama kuzungumza alichechemea kidogo kwa ajili ya kazi.

Dada alialikwa kuwa mgeni wa kamati. Mkutano ulifanyika ofisini kwa mwenye pembea huko Bamburi, orofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ngazi za kupandia ni nyembamba hata mtu na mkoba wake hupanda kwa zamu. Dada alifika kwa wakati, akatazama ngazi, akaegesha gari lake chini kando ya mifuko ya saruji. Kamati ikajadili juu kwa saa mbili namna ya kuwawezesha wasioweza kupanda ngazi. Kila baada ya muda walinituma nishuke.

"Dada, wanauliza unaonaje."

"Waambie naona saruji."

Nikapanda nikawaambia. Wakaandika kwamba mgeni amependekeza saruji. Kisha wakamshushia chai na mahamri, jambo ambalo lilisifiwa sana kuwa ni mfano wa huduma kwa wote. Katika kumbukumbu za mkutano jina lake liliwekwa chini ya waliotoa udhuru.

Mwenye pembea alishuka mwisho, akamsalimu kwa adabu, akamwambia asiwe na wasiwasi, kwani yeye siku zote huwajali wasiojiweza.

"Wasiojiweza?" Dada alimtazama kiunoni. "Hiyo suruali nani aliitanua ndipo ukaweza kuifunga?"

"Ni wewe, fundi."

"Basi mimi ndiye ninayekuwezesha wewe. Kazi inaanza lini?"

Kazi alipewa fundi wa mitambo wa pembeani, kijana wa bara aliyekuja Mombasa kutafuta kazi bandarini akaishia kutia grisi pembea. Hakujua kuremba maneno, na nadhani ndiyo maana mambo yalikwenda. Mteremko wa kwanza, wa kupandia magurudumu hadi pembeani, aliujenga mfupi na mkali. Dada alikuja, akaweka gari lake pale chini, akatazama juu.

"Huu ni wa kupandishia mbuzi kwenye lori," akasema.

"Sawa, mathe. Niambie wewe unataka aje," fundi akasema kwa Kisheng chake cha bara, bila kukasirika.

Dada akatoa utepe wake wa kupimia. Kuanzia hapo hakikujengwa kitu bila kupimwa kama nguo. Mteremko ukabomolewa ukajengwa tena, mrefu, wa kupanda taratibu, wenye kona moja na vyuma vya kushikia pande zote mbili. Boksi moja likatolewa viti, mlango wake ukapanuliwa na kufanywa wa kulala nje kama daraja, sakafuni zikafungwa kulabu nne za mikanda ya kuzuia magurudumu. Mimi nililipaka rangi ya buluu. Fundi alijaza mchanga kwenye magunia, akayakalisha juu ya kiti cha magurudumu cha kuazima, akayafunga mikanda, akayazungusha asubuhi nzima, huku boksi la upande wa pili likitiwa uzito wa kulingana ili gurudumu lisielemee. Magunia yalishuka salama. Fundi akayauliza kama yamefurahia.

Ikafika Idi.

Nilikwenda uwanjani mchana baada ya kula, nimevaa kanzu, nikakuta jambo ambalo sijui kama lingeweza kutokea mahali pengine ila kwetu. Mwenye pembea alikuwa amemwalika mkubwa mmoja wa ofisi ya vibali, kuwa mgeni rasmi wa kufungua mteremko, pamoja na jamaa zake na wazee wa mtaa. Mgeni ni mgeni, hakalishwi mchangani. Na uwanja wa Junda wote ni mchanga, isipokuwa mahali pamoja tu palipotiwa saruji safi, penye vyuma vya kuegemea na turubai la kivuli. Basi walitandika zulia jekundu juu ya mteremko, wakapanga viti, wakawakalisha wageni.

Kwa kuwa mahali penyewe ni pa kuteremka, wageni wote walikuwa wanaelemea upande mmoja. Mgeni rasmi alikaa juu kabisa, akamlalia aliyefuata, naye akamlalia wa pili yake, mpaka wa mwisho chini, mzee mwembamba mwenye bakora, ambaye alikuwa ameushikilia msiba huo wote kwa miguu yake miwili. Soda zilipoletwa, kila aliyeweka yake chini ilianza safari. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wakitabasamu kwa mshazari.

Hotuba zikaanza. Mgeni rasmi alisema mteremko huu ni mfano kwa pwani nzima, akaupigapiga kwa kiatu ili watu wasikie ulivyo imara. Alisema kizuizi kikubwa si ngazi, kizuizi kiko nyoyoni mwa watu. Watu wakapiga makofi. Wakati huo dada alikuwa amefika, yuko chini ya mteremko, kavaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, anakitazama kizuizi kimekalia viti.

Nilikimbia kwa mwenye pembea. "Bwana, dada yangu amekuja kupanda. Wageni watapisha?"

Alinitazama kana kwamba nimemwomba akamvue mgeni rasmi kilemba. "Niwaondoe wageni, siku ya Idi? Mbele ya watu? Ngoja wamalize, inshallah."

"Wakimaliza watakula biriani papo hapo. Jua litazama."

"Mi nitawaambia wasonge," fundi akadakia. "Si ni kusonga tu?"

Mwenye pembea akamshika mkono kwa nguvu. "Wewe mtu wa bara, utaniaibisha."

Hapo ndipo watu walipomwona dada. Sauti ikatoka nyuma: "Mbebeni! Mbebeni huyo mama, maskini!" Ghafla wanaume wanne walikuwa wamemzunguka, wamekunja mikono ya kanzu, kila mmoja ameshachagua pembe yake ya kiti. Sisi tukishindwa kupisha, tunabeba. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa wa tano. Miguu ilinipeleka yenyewe. Nilikwisha kuinama na kumpa mgongo.

"Nina pini kwenye hii kola," dada akasema taratibu. "Atakayenigusa atakwenda kula Idi hospitali."

Wanne wakarudi nyuma. Mimi nikainuka, kiuno kikalia.

Akatazama juu mteremkoni, kwenye ile safu ya watu waliolaliana, halafu akapaza sauti nzuri, ya kistaarabu, kama mtu aliyesimama mlangoni kwa jirani.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Sasa, mtu wa kwetu anaweza kukataa kulipa, anaweza kukataa kupisha, anaweza kukataa hata ukweli ulio mbele ya macho yake. Lakini hodi hawezi kuikataa. Hodi huitikiwa na ulimi kabla akili haijaulizwa. Yule mzee wa bakora, aliye chini kabisa, akaitikia kwanza: "Karibu!" Wa pili yake akaitikia. Likapanda hivyo, karibu kwa karibu, mpaka mgeni rasmi mwenyewe, katikati ya sentensi juu ya nyoyo, akageuka na kusema ndani ya kipaza sauti, uwanja mzima ukasikia, "Karibu, karibu ndani!"

"Nishakaribia," dada akasema, akaanza kusukuma magurudumu.

Ukishamkaribisha mtu huwezi kumkalia njia. Mzee wa bakora akanyanyuka na kiti chake, nadhani kwa shukrani. Aliyemwegemea nusura aanguke, naye akanyanyuka. Dada alikuwa akipanda taratibu, kifua mbele, na kila aliyeinuka alimwambia kwa upole wote wa kwetu, "Starehe, bwana, starehe, usisumbuke," huku gurudumu likiwa limekwisha fika kwenye vidole vyake. "Shikamoo, mzee, starehe." "Marahaba, mwanangu, pita." Zulia lilijikunja mbele ya magurudumu, fundi akaja akalivuta lote kwa mkupuo mmoja, na soda zilizobaki. Mgeni rasmi alikuwa wa mwisho. Alisimama kando ameshika kiti kwa mkono mmoja na kipaza sauti kwa mwingine, akisema "pita, mama, pita," na kipaza sauti kikirudia uwanjani kote.

Boksi la buluu lilikuwa linangoja, mlango umelala. Dada akaingia mwenyewe, akajigeuza mwenyewe. Fundi akafunga mikanda minne, akaivuta mmojammoja, akawapandisha watu wawili wanene boksi la pili kwa ajili ya uzito. Nikatia mguu mmoja ndani.

"Unakwenda wapi?" dada akauliza.

"Nikusindikize."

"Hapana." Akainama, akavua viatu vyake, vile vyeusi vya Idi, akanipa. "Nishikie hivi. Ni haramu kupanda navyo."

Mlango ukafungwa. Injini ikaguruma. Nilisimama chini, karibu kabisa na muuza juisi, viatu vimenikaa kifuani kama mtoto wa watu. Alipofika juu mara ya kwanza hakupiga kelele kama wengine. Alishika ukingo wa boksi kwa mikono miwili na kutazama mbali, kule upande wa paa za Magogoni, na akaendelea kutazama mpaka alipoteremka. Mara ya pili alipiga kelele. Ilikuwa kelele ya mtoto wa miaka kumi na nne, ameichelewesha.

Mgeni rasmi alitaka picha. Mwenye pembea akamwashiria fundi asimamishe. Fundi akamtazama dada kwanza, naye akazungusha kidole hewani. Pembea ikaendelea. Wakasubiri raundi nyingine. Kidole kikazunguka tena. Wageni walisimama pale mteremkoni na viti vyao mikononi, na jua likaanza kuwapata upande wa uso.

Aliposhuka nilipiga magoti kumvisha viatu, akaniachia nimvishe.

"Haya, umeona nini huko juu?" nikamuuliza. Nilijua ninachotaka kusikia. Nilikuwa nikitafuta mwisho wa kisa.

"Kisogo chako," dada akasema. "Hata huko juu kinanifuata. Na kina upara, tena mkubwa, hakuna aliyekwambia?"

Kisha akajisukuma kuelekea mteremkoni, ambako watu walikuwa wameanza kurudisha viti, na nikamsikia akipaza sauti, "Hodi!"