Kanga ndani ya chujio la lori la kijiji

Leo nimelia mbele ya wanunuzi wa vyuma chakavu, tena mchana kweupe. Chekeni kwanza, nawasubiri.

Lile lori la dizeli la kijiji chetu cha ujamaa, lililooza nyuma ya ghala miaka yote hii, leo limekatwa. Nikasema chujio la dizeli nafungua mwenyewe.

Enzi zile spea hakuna. Chujio lilikwisha, pampu ikawa inakula mchanga. Nikaiba kanga ya harusi ya mke wangu, nikaikata nusu, nikaikunja mle ndani.

Lori likanguruma!

Nyumbani nikasema nusu imeliwa na mbuzi wa jirani. (Mbuzi maskini, alifukuzwa kwa mawe mpaka anakufa.)

Leo nafungua, nakuta vitambaa viwili. Changu, na ile nusu nyingine.

Nikamgeukia Hamisi, tuliyepokezana naye usukani wa lori hilo. Siku hizi ana meno matatu.

"Hii kaweka nani?"

"Mimi. Ulipolazwa Kilimatinde lori liligoma. Nikamwendea shemeji, nikamwambia ukweli. Alicheka mpaka akakaa chini, akanipa nusu iliyobaki."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema, mwache na mbuzi wake."

Mke wangu nilimzika mwaka jana. Maisha yote nilidhani mjanja ni mimi.

Vitambaa nimevifua mara tatu, dizeli haitoki.

Nyie ambao wake zenu bado wapo, mbuzi wenu yuko wapi? Nendeni mkaseme leo, mpate kucheka wote wawili.