Gari la Kaka kwa Jina la Evanthia

Evanthia alikuwa anasafisha shule ya msingi pale mjini Volos asubuhi, na mchana anapika madanzi na tini kwenye shira, anajaza chupa, anawauzia wenye hoteli za mlimani. Mkono wake kwenye shira ulijulikana. Shira yake haikuwa nzito ya kushika kijiko wala nyepesi ya kumwagika. Kwa miaka sita alitaka kitu kimoja tu: kukodi ile tanuri ya mikate iliyofungwa, ya mzee Fotis, afungue karakana halali yenye kibali na sufuria la lita hamsini.

Na kila mwaka, pesa ya tanuri ilipotaka kutimia, barua ya kodi ilifika ikaila.

"Mimi nafagia madarasa," alikuwa akisema. "Wananitoza kama nina meli."

Basi mwaka ule, Septemba, akajiandikisha kwenye masomo ya kodi ya watu wazima, Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, bure. Tulikuwa kumi na wanane: wenye vibanda, kinyozi mmoja, na wajane wawili waliorithi maduka wasiyoyaelewa. Mwalimu wetu Thekla alikuwa ametumikia ofisi ya kodi miaka thelathini, na alifundisha kama mtu anayetubu.

Niseme ukweli, masomo yalituchosha. Leo unaandika sheria, wiki ijayo unaambiwa futa, imebadilishwa. Kinyozi alikuwa anaandika kwa penseli, akasema kalamu ya wino ni ya nchi za watu wengine. Evanthia yeye aliandika kila kitu, na mara nyingi nilimsikia akisonya chini kwa chini.

Wiki ya nane ndipo jibu lilipompata. Mwalimu Thekla alituambia tugawe karatasi kwa mstari. Upande mmoja tuandike vitu tunavyovitumia, na wa pili vitu vilivyo kwa majina yetu.

"Ukitaka kuamua jambo lolote, kununua, kukodi, kuoa, anza hapa," alisema. "Kodi haikuamini ukisema huna. Inatazama jina lako lina nyumba gani, gari gani, mashua gani, halafu inasema mtu wa namna hii lazima anapata kiasi hiki. Kipato cha kudhaniwa. Unakitolea kodi hata kama hujawahi kukiona."

Evanthia upande wa kushoto aliandika baiskeli na jiko. Upande wa kulia aliandika gari la injini kubwa, mashua ya mita saba, nyumba ya mama. Kinyozi akachungulia.

"Ala! Kumbe tumekaa na tajiri! Bibi, nikopeshe basi."

Darasa likacheka. Evanthia hakucheka. Gari na mashua vilikuwa vya kaka yake, Iordanis. Alipovinunua, familia ilikaa mezani ikaamua kama familia zetu zote zinavyoamua: weka kwa jina la Evanthia, yeye hana kitu, serikali itamchukua nini? Akatia saini, akaenda kuosha vyombo.

Kesho yake alikwenda kwa mhasibu wake, Stamatis. Na Stamatis si mhasibu tu. Ndiye aliyembadilishia mataji ya maharusi kanisani siku ya ndoa yake, ndiye aliyesimamia ubatizo wa binti yake. Mtu wa hivyo kwetu anaitwa kumbaro, na kumbaro humwachi, hata akikuunguzia hesabu.

"Kumbaro, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba nalipia gari la Iordanis."

Stamatis akapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. "Kumbaro wangu, ningesema nini? Nimekula chumvi kwenu. Niwagombanishe ndugu wa tumbo moja?"

"Kwa hiyo ukaona heri nigombane na sufuria."

"Usiseme hivyo. Nilikuwa nasubiri uulize."

"Miaka sita, Stamatis! Ningeulizaje kitu nisichokijua?"

Akammiminia kahawa, na huo ndio msaada aliotoa siku hiyo. Evanthia akaondoka na fungu la nakala za hesabu zake na hasira ya kutosha kuchemsha madanzi bila moto.

Jumapili akalileta mezani kwa mama, maharage yakiwa bado moto. Akaeleza polepole, kama alivyofundishwa. Ama Iordanis ahamishie vitu kwa jina lake mwenyewe, ama gari lisimamishwe, vibao vyake vya namba virudishwe ofisi ya kodi kabla mwaka haujaisha, ili mwakani lisihesabiwe.

Iordanis akaweka uma chini. "Masomo ya miezi miwili, umeshakuwa waziri wa fedha?"

"Kaka, nataka kufungua karakana Januari. Mzee Fotis ananingojea mimi."

"Na mama atapelekwa hospitali na nani? Na sukari yako ya kupikia nani huibeba? Gari lile ni la nyumba!"

"Likiwa la nyumba, nyumba ilipe."

"Hee! Mama, unamsikia mwanao? Ananidai mimi, kaka yake!"

Mama akasema maharage yanapoa.

Wiki zote zilizofuata Iordanis alijibu "tutaona". Tutaona ya kwetu ni hapana iliyovaa koti. Tarehe thelathini Desemba, siku ya mwisho ya kazi, Evanthia alikwenda uani kwa mama, bisibisi mkononi, kung'oa vibao vya namba. Jina ni lake, gari ni lake. Msumari wa parafujo wa nyuma ulikuwa umeshika kutu. Alihangaika nao dakika arobaini, kidole kikachubuka, akautukana kwa majina ya watakatifu watatu. Akafunga vibao viwili vya namba kwenye gazeti, akapanda baiskeli.

Foleni ya ofisi ya kodi ilikuwa imetoka mlangoni ikazunguka kona. Kila mtu na vibao vyake kwapani, kama watu waliotumwa samaki. Alikuwa bado nje Iordanis alipofika, anahema.

"Umeniua! Umening'olea gari kama mwizi!"

"Huwezi kuiba cha jina lako."

Mzee wa mbele akageuka. "Kijana, tulia. Mimi hapa narudisha namba za mkwe wangu."

"Mimi za kaka," akasema mama mmoja nyuma. "Naye hasemi nami tangu Pasaka."

"Na mimi za marehemu," akadakia mwingine, na foleni nzima ikaangua kicheko. Iordanis alitazama huku na huku, hakuona wa kumtetea.

Saa tano na nusu Evanthia akafika dirishani. Karani akapokea vibao, akagonga muhuri. Evanthia akauliza, "Basi nimemaliza?"

"Kwa mwakani, gari limetoka. Mwaka huu umeshahesabiwa, mama. Na awamu yako ya mwisho ya kulipa kodi inaisha kesho. Dirisha la nne. Mashua si hapa, ni bandarini, na yule wa kuipokea awepo."

Alijua. Alikuwa ameandika jibu hilo hilo kwenye mtihani wiki iliyopita, akapata alama zote. Akaenda dirisha la nne, akatoa bahasha ya akiba ya sufuria na tanuri, akalipa. Zilibaki euro mia moja na arobaini.

Akampigia mzee Fotis palepale. "Mzee, mpe mwingine. Hapana, si mwezi ujao. Mpe tu." Akasikiliza kidogo. "Najua kwamba ulinisubiri. Nami nilisubiri."

Nje, Iordanis alikuwa bado amesimama ukutani, kola juu, maana alikuja kwa miguu na nyumbani ni mbali.

"Nani alikuwa kwenye simu?" akauliza.

"Tanuri."

Iordanis akafungua mdomo, labda aseme tutaona. Evanthia akamwahi.

"Tarehe tatu, saa mbili asubuhi, bandarini. Njoo na kitambulisho chako, Iordanis. Usipokuja, nauza mashua."