Swaumu wa Nyama ya Kichina

"Umeniua! Umeniponda, umenipaka kwenye nguruwe, umenitundika ndani ya pipa lako, na nchi nzima imeninusa! Kuanzia hapa Marambo mpaka Ruangwa hakuna mtoto anayenyonya asiyenijua kwa harufu!"

Aliyekuwa anapiga kelele ni Swaumu, mke wa Bashiri, kanga kaifunga kibwebwe, mikono kiunoni. Aliyekuwa anapigiwa ni jirani yake Dominiko, ambaye alikuwa amechuchumaa kwenye uwanja wake mbele ya pipa tupu, anakunja waya wa fensi uwe kulabu.

"Mama Halfani," akasema Dominiko polepole, "mimi hapana ponda wewe."

"Hujaniponda? Mama mkwe wangu alikuwepo dukani! Kasikia kwa masikio yake mawili, na bovu ni moja tu!"

"Mimi nasema Swaumu ile ya chakula."

"Eti ya chakula! Kumbe nimeshakuwa chakula!"

Domitila, mke wa Dominiko, alikuwa mlangoni na ungo wa mtama. Akafumba macho. Alijua kila neno ambalo mume wake angeongeza lingekuwa kuni tu.

Sasa, huyu Dominiko tatizo lake halikuwa roho mbaya. Tatizo lake lilikuwa Kiswahili. Alizaliwa upande wa Masasi, Mmakua, akakua anasema Kimakua nyumbani na kusali Kilatini misheni, lugha ambayo hakuielewa lakini haikuwahi kumgombanisha na mtu. Kiswahili alikikuta ukubwani, alipochukuliwa jeshini kwenye Keya ya Waingereza wakati wa vita ya Hitla. Na Kiswahili cha Keya mnakijua wenyewe: kila kitu ni "yeye". Bunduki yeye, sufuria yeye, afande yeye, mvua yeye. Sajini aliyemfundisha alikuwa Mnyasa, naye alifundishwa na Mwingereza, kwa hiyo lugha ilipomfikia Dominiko ilikuwa imeshachoka sana njiani.

Akapigana na Wajapani kule Bama. Vita ilipokwisha, wakawekwa Kalkata, Bara Hindi, wanasubiri meli ya kuwarudisha, na Dominiko akapangiwa jikoni. Kila alipofuata mboga sokoni alipita kibanda cha Mchina mmoja aliyetundika nyama nyekundu, ndefu, inang'aa kama pikipiki ya padri. Ilikuwa nguruwe. Dominiko alimjua nguruwe wa kuchemsha na wa kuchoma juu ya mkaa, lakini huyu wa kutundikwa na kupakwa kama bibi harusi hakuwahi kumwona. Akawa anakwenda anasimama pale. Mchina hakujua Kikeya, Dominiko hakujua Kichina. Yule akionyesha, huyu anatazama, mpaka mkono ukajua. Alifundishwa nyama ile bila neno hata moja. Labda ndiyo maana alipoanza kuieleza kwa maneno ndipo yakamkuta.

Aliporudi, Wazungu wa karanga walikuwa wanaingia Nachingwea na matrekta yao. Akapata kazi ya upishi kwa kapera mmoja wa Kizungu, akampikia ile nyama, Mzungu akalia machozi. Halafu karanga zikakataa kuota kama zilivyoandikwa kwenye makaratasi, Wazungu wakafunga virago, na watu wakagombea mabati, mbao na misumari walivyoviacha. Dominiko alibeba pipa moja la mafuta, akalisukuma kwa mguu mpaka Marambo. Walimcheka njia nzima. Akalichoma moto mpaka harufu ya dizeli ikaisha, akalitoboa matundu chini, akapitisha nondo juu. Hilo ndilo likawa jiko lake la Kichina.

Mwenyewe akilieleza alikuwa kama anasema sala. Nyama ya shingo unaikata vipande virefu kama mkono. Ile rojo nyeusi ya maharage ya Mchina huku haipo, basi unachoma sukari guru mpaka iungue kidogo, unatia chumvi. Tangawizi, mdalasini. Wekundu unatoka kwenye mbegu za mzingifuri. Kitunguu swaumu kingi sana, unaponda, unapaka, unalaza mpaka kesho yake. Halafu unatundika ndani ya pipa, mkaa chini, mfuniko juu, na karibu na mwisho unapaka asali, unarudisha, unapaka tena, mpaka ing'ae. Bila asali, alisema, umechoma nguruwe tu kama mwindaji.

Na asali ndiyo iliyomfunga kwa Bashiri. Bashiri alikuwa na shamba la mihogo na karanga, na mizinga ya nyuki kule porini upande wa Kilimarondo. Mihogo ile nguruwe wa porini waliigeuza hoteli. Bashiri alichimba mashimo pembeni mwa shamba, nguruwe wakawa wanaingia; lakini nguruwe akishaingia shimoni kwa Mwislamu anatoka na nani? Hapo ndipo wakapatana bila kuandikiana. Nguruwe akianguka, Bashiri anapita uwanjani kwa Dominiko kama mtu anayekwenda zake, anasema, "Keya, mgeni wako amefika." Basi. Haonyeshi, hataji. Dominiko anachukua mkuki na kamba, anamtoa mgeni, anafukia damu, anaacha pale pasafi kama pamefagiliwa. Baada ya siku mbili tatu kibuyu cha asali kinaonekana kwenye kizingiti cha Domitila. Upepo ukivuma upande wa kina Bashiri, Domitila huenda mapema kumwambia Swaumu afunge dirisha. Watu waliishi hivyo miaka, na hakuna sheikh wala padri aliyeulizwa.

Mwaka huo binti yake Dominiko, Marselina, alikuwa anaolewa na Eustace, kijana wa Ruangwa. Na Dominiko, kwa mdomo wake, aliwaahidi wakwe kwamba siku ya harusi watakula nyama ya Kichina ambayo babu zao hawakuiota. Ahadi ikafika Ruangwa, ikakua njiani. Watu ambao hawakualikwa wakaanza kufua nguo.

Ndipo akaenda dukani Nachingwea kutafuta kitunguu swaumu. Mwenye duka, Abdulatifu, akamwambia kimekwisha, chukua vitunguu vya kawaida. Dominiko akashtuka kama mtu aliyeambiwa achukue mke wa kawaida. Akasema kwa sauti ya kwata, duka zima lisikie:

"Hapana! Bila Swaumu, nguruwe yangu yeye hapana tamu! Mimi naponda Swaumu, napaka yeye kote, nalaza yeye usiku, asubuhi yeye tamu sana! Hata padri nalamba vidole!"

Pale kwenye gunia la chumvi alikuwa amekaa Bi Mwamini, mama yake Bashiri. Mkwe wake, mke wa mwanawe, aliyezaliwa mwezi wa Ramadhani akapewa jina la mfungo, anaitwa Swaumu. Mkwe huyo anakaa nyumba inayotazamana na ya huyu Mmakua wa nguruwe. Bi Mwamini hakununua chumvi tena. Alinyanyuka, akatembea mpaka Marambo kwa mwendo ambao haukuwa wa umri wake.

Ndipo kikaja kile kibwebwe.

Swaumu alipokwisha kusema, Bashiri akaja jioni, hakukaa.

"Keya, mimi najua ni kitunguu."

"Ee! Kitunguu!"

"Nilicheka mpaka nikatoka nje. Lakini mama hajui, wala hataki kujua. Anasema chakula cha mkono wa Swaumu hali tena, anachoma muhogo wake mwenyewe nyuma ya nyumba kama mgeni. Sasa kati ya mama yangu na nguruwe wako, unadhani mimi nitasimama wapi?"

"Na asali?"

"Asali gani tena, Keya?" akasema Bashiri, akaenda zake.

Domitila akaona huu si mchezo. Pasipo Bashiri hakuna mgeni, pasipo mgeni hakuna nyama, na hata nyama ingepatikana, asali haipo. Wakwe wanakuja Jumapili. Akamkalisha mume wake kwenye kigoda kama mtoto wa katekisimu.

"Utakwenda kwa Bi Mwamini, utamwonyesha kitunguu chenyewe. Usiseme Swaumu. Sema kitunguu. Sema 'kitunguu hiki'."

"Kitunguu huyu."

"Hiki!"

"Kitunguu hiki." Dominiko akatoa jasho. "Kitunguu hiki yeye—"

"Hakuna yeye, Baba Marselina! Yeye amekufa! Tumemzika!"

Akapata kitunguu swaumu kimoja kutoka misheni, akakikunja ndani ya kitambaa kisafi, akavaa koti lake la Keya lenye vifungo vyote. Akamkuta Bi Mwamini nyuma ya nyumba na muhogo wake motoni, na Swaumu kakaa mbali kidogo, kanuna, chungu chake cha kunde kimejaa, hakijaguswa.

Dominiko akaamkia shikamoo, akaitikiwa kwa shida. Akafungua kitambaa. Mpaka hapo alikuwa anakwenda vizuri. Lakini mtu akiogopa hurudi kwenye lugha ya sajini wake.

"Mama, angalia," akasema. "Swaumu yeye huyu hapa. Mimi kwanza navua yeye nguo—"

Bi Mwamini akaziba sikio. Lile zima.

"—halafu yeye mweupe, mimi naponda—"

"Toka!" Bi Mwamini akaokota kijinga cha moto. "Bashiri! Bashiri we! Anamvua mbele yangu!"

Dominiko akatoka na koti lake. Swaumu alikuwa ameinamisha uso kwenye kanga, mabega yanatikisika. Mpaka leo haijulikani kama alikuwa analia.

Mambo yakabaki hivyo. Domitila akaanza kuhesabu kuku wa kuchinja badala ya nyama, na Dominiko akawa anakwenda kulitazama pipa kama mtu anayetazama mgonjwa.

Halafu siku moja kabla ya wakwe kuja, nguruwe akaanguka. Dume, kubwa, na hakuanguka shimo la mbali. Alianguka lile lililo kando ya njia ya kisimani, karibu na dirisha la Bi Mwamini. Asubuhi yote anafoka na kukoroma mle ndani. Dominiko alimsikia, mtaa mzima ulimsikia. Lakini hajaambiwa mgeni wake amefika, na mtu hawezi kujialika shimoni kwa watu. Akakaa kwenye kigoda, anakunja kulabu ambazo zilishakunjwa.

Bashiri akazunguka shimo, akarudi. Jirani mmoja akashauri dume lifukiwe hai, mwingine akauliza nani ataingia kumwona kama amekufa. Wanawake wakakataa kupita kisimani. Jua likapanda, na harufu ya mnyama yule ikaanza kuingia dirishani kwa Bi Mwamini bila kupondwa, bila kupakwa, bila kulazwa. Yule bibi akavumilia mpaka adhuhuri. Akaswali, akageuka kwa mkwe wake.

"Nenda kamwite yule wako."

"Wangu, mama?"

"Yule wa nguruwe, basi! Nenda. Nami nakuja, nisikie."

Swaumu akaja, mkononi ana kibuyu cha asali, nyuma yake Bi Mwamini na fimbo. Dominiko akasimama. Mkuki na kamba vilikuwa tayari ukutani, vimekaa hapo tangu alfajiri.

"Baba Marselina," akasema Swaumu, taratibu kabisa, kibwebwe hakuna, "mgeni wako amefika."

"Asante, Mama Halfani."

Swaumu akampa Domitila kibuyu, Domitila akakikumbatia. Ingekuwa mtu mwingine angeishia hapo. Lakini Swaumu alikuwa ameitwa kiungo kisimani siku zote zile, na hakuja na mdomo mtupu.

"Ila kabla hujakwenda, nijibu mbele ya mama. Hiyo nyama ya harusi kesho. Bila swaumu, itakuwa tamu au haitakuwa?"

Bi Mwamini akageuza sikio lake zima.

Dominiko akafungua mdomo. Akisema tamu, amekana mbele ya watu nyama aliyoibeba kichwani kutoka Kalkata. Akisema si tamu, amerudia lile lile la dukani. Na pale kwenye ncha ya ulimi, anamhisi kabisa, "yeye" alikuwa ameshakaa anasubiri zamu. Domitila akamtikisia kichwa, lakini kutikisa kwenyewe hakukujulikana ni kwa ndiyo au kwa hapana.

Akafunga mdomo. Akachukua mkuki, akaitupa kamba begani, akashika njia ya kisimani.

"We Baba Marselina!" Swaumu akapaza sauti nyuma yake. "Tamu, au si tamu?"

Kule shimoni dume likakoroma. Dominiko akaongeza mwendo.