Furu za Makaburini

Nilipokuwa mtoto, hakuna aliyekula furu za makaburini kwetu isipokuwa bibi yangu. Mti wenyewe, wenye vitunda vyeusi vitamu, ulisimama katikati ya makaburi ya ukoo, katika kijiji kilicho nje kidogo ya Bugarama, na ilijulikana kwamba matunda yake ni ya marehemu. Ukiyala, wanakuja kudai. Wanakujaje, na wanadai nini, hakuna aliyefafanua. Kwenye mambo haya wajuzi huwa hawapendi maswali.

Bibi alikuwa mvutaji. Tumbaku ya kusokota, kwenye karatasi yoyote, asubuhi hadi jioni. Aliamini moshi huganda kifuani kama masizi ya jikoni, na cheusi hutolewa na cheusi. Basi msimu wa furu ukifika alizila mpaka midomo, meno na ulimi vikawa rangi ya wino uliochanganyika na damu.

"Hao marehemu wenyewe walikuwa wavutaji," aliniambia. "Wataninyimaje dawa?"

Na mimi nilikula. Sikuwa na moshi wa kutoa, nilikuwa na njaa tu.

Mwaka mmoja Mama Masanja, jirani yetu na mke wa binamu ya baba, alifiwa na mtoto mchanga kwa homa. Tukamzika palepale kwenye makaburi ya ukoo. Matanga hayajaisha, mtu akamwona Bibi anatoka huko huku anajifuta mdomo. Kikongwe, macho mekundu kwa moshi, mdomo mweusi, kaburi bichi. Kwetu wanawake wazee wameitwa wachawi na kukatwa mapanga kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Walikuja mchana kweupe, wanaume na mapanga yao, Mama Masanja mbele, khanga ya msiba bado kiunoni. Hakutoa hata shikamoo. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Bibi Kabula, fungua mdomo."

"Ni furu, mwanangu."

"Furu za wapi? Za juu ya kaburi la mwanangu?"

Nikadhani nimeiona njia ya kumwokoa. Nikajipenyeza mbele, nikatoa ulimi wote nje. "Hata mimi nimekula! Tazameni, ni furu tu!"

Nilitegemea wacheke. Wakarudi nyuma. Mama Masanja akanitazama, mimi niliyekuwa nikimbebea yule mtoto anapokwenda kisimani, akasema polepole:

"Kumbe ameshamfundisha."

Bibi akanizaba kofi. Hakuwahi kunigusa kabla ya siku ile. "Kijizi hiki! Nakikataza kila siku, kinaniibia. Hakijui kitu. Mwacheni yeye, mimi nawaachia kijiji chenu."

Jua halijazama, alikuwa ndani ya gari, anaelekea Katoro kwa baba mdogo. Hakurudi tena.

Nilipomtembelea likizo, soko la Katoro lilikuwa limejaa zambarau, nazo hupaka mdomo vilevile. Nikamnunulia. Alizitazama kwa hamu, akakohoa mpaka akashika ukuta.

"Nikila hizi, Kabula wajina wangu, nihamie wapi tena?"

Akawasha sigara. Kifua ndicho kilichokuja kumuua.

Chuoni nikakuta kwamba wapo watafiti wanaochunguza kama matunda meusi ya namna hiyo hupunguza madhara ya moshi kwenye seli za wavutaji. Wanaongea kwa tahadhari: huenda yakasaidia kidogo, lakini hakuna tunda linalofuta sigara. Sitajifanya kwamba Bibi alikuwa mwanasayansi. Alikisia, kama wao wanavyoanza kwa kukisia, ila wao hawajiwi na mapanga wakaambiwa wafungue mdomo. Kama furu zingemwongezea hata mwaka mmoja, sijui. Ninachojua ni kwamba aliacha kujaribu ili mimi nibaki kuwa mtoto machoni pa watu.

Nina shahada mbili sasa, na wachawi siwaamini. Lakini nikila zambarau ofisini, na mwenzangu akaingia na kichanga chake, mimi husukutua mdomo kwanza ndipo nimpokee mtoto.